Pua ya Mzee Aimé

Emérance alipoteza pua yake mwezi wa kwanza mwaka 2022, na aliyemjulisha ni jirani. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inaungua jikoni, moshi umeshatoka dirishani, na jirani wa ghorofa ya juu akaja kugonga mlango akidhani nyumba inawaka. Alimkuta Emérance amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, akikunja nguo na kuimba, hana habari.

Ulikuwa mwaka wake wa saba wa kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee kule Westmead, jijini Sydney. Korona ilikuwa imeingia mle ndani baada ya Krismasi, na wafanyakazi wakapukutika mmoja mmoja mpaka ikabaki zamu ya watu watatu badala ya wanane. Emérance alikuwa wa mwisho kuugua. Homa yake ilikwisha siku ya nne. Kikohozi kiliisha baada ya wiki mbili. Pua haikurudi. Chakula kikawa kama kutafuna karatasi, na kazini akawa hajui ni mzee yupi wa kubadilishwa nguo mpaka afunue shuka.

Daktari alimwambia achukue vitu vinne vyenye harufu kali, avinuse asubuhi na jioni bila kukata tamaa, kama mtu anayefundisha mtoto kusoma. Alichagua kahawa, tangawizi, sabuni ya kufulia, na asetoni ya binti yake Falone, ile ya kufutia rangi ya kucha. Miezi mitatu alinusa utupu. Ya kwanza kurudi ilikuwa asetoni. Iliingia asubuhi moja kama sindano, na Emérance akakaa kitako kwenye sakafu ya bafu, akacheka peke yake. Harufu ile aliijua tangu utotoni, kutoka mahali ambapo hakuwahi kumsimulia Falone wala mtu yeyote wa Sydney.

Mwezi wa saba akatimiza miaka hamsini. Mume wake, Bahizire, aliyekuwa dereva wa folklifti kwenye ghala moja la Seven Hills, hakupata likizo. Falone ndiye aliyeamua. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi katika ofisi ya bima Parramatta, na alikuwa ameapa tangu siku zile za kufungiwa ndani kwamba mipaka ikifunguliwa atampeleka mama yake mahali ambapo hakuna mtu wa kuogeshwa. Alitafuta kisiwa cha Pasifiki cha joto, saa tatu kwa ndege kutoka Sydney, ambacho watu wake wanasema Kifaransa. Kifaransa mama yake alikijua vizuri tangu shule ya masista kule Butembo.

Falone alisikia kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Hawakulitazama tena kama jambo, ndivyo walivyozungumza. Usiku wa kufunga mizigo alikuja na ratiba mkononi, sauti imeshuka. Akaeleza kwamba siku ya tatu basi linapita kwenye shamba la kale la miwa liitwalo La Patience, lenye kiwanda cha ramu cha tangu zamani za wakoloni. Waandaaji wa safari hawakukubali kuondoa siku moja. Alijua mama yake ni mama wa maombi na pombe haigusi. Kwa hiyo mama angeweza kubaki garini, mna hewa baridi, yeye Falone angempigia picha za maua.

"Iko ndani ya tiketi?" Emérance akauliza.

Falone akasema ndiyo.

"Basi tutaingia sote wawili."

*

La Patience ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia, na nzito kuliko alivyotarajia. Barabara ilipita kati ya miwa iliyofika juu ya madirisha ya basi, kisha ikafunguka kwenye uwanja wenye nyumba nyeupe ya bwana shamba, kinu cha mawe ambacho hapo kale kilizungushwa na ng'ombe, na bomba refu la matofali mekundu lililokuwa likitoa moshi. Kiongozi wa wageni alikuwa binti mrefu wa hapohapo kisiwani, jina lake Vanessa, na aliyajua maneno yake kama mtu anayejua sala. Aliwaonyesha reli nyembamba iliyoleta miwa. Aliwaonyesha kengele iliyowaamsha vibarua, watu waliochukuliwa kutoka visiwa vya mbali kwa mikataba wasiyoweza kuisoma. Ndani ya nyumba nyeupe kulikuwa na picha za wakuu wa mitambo wote, kuanzia yule wa kwanza mwenye masharubu hadi wa sasa. Wote wanaume. Picha moja tu ilikuwa na wanawake, ishirini hivi, wamechutama wakiosha chupa. Emérance aliitazama ile picha kwa muda mrefu mpaka Falone akarudi kumshika mkono.

Kundi lao lilikuwa la watu kumi na wawili, wengi wazee wa Australia waliochoka kukaa ndani miaka miwili. Emérance peke yake alikuwa bado na barakoa. Kazi ilimfanya aihisi kama sehemu ya uso. Walipofika mlangoni pa chumba cha mtambo, joto likawapiga, na akaishusha kidevuni ili apate pumzi.

Harufu ilimwingia yote kwa mara moja. Molasi iliyochacha. Moshi wa makapi ya miwa. Shaba ya moto. Na juu ya hayo yote, kali, ya kuchoma, asetoni.

Mtambo ulikuwa mkubwa mara ishirini kuliko aliokuwa akiujua, umeng'arishwa, na shingo yake ilikuwa imepinda kama ya bata. Lakini ulikuwa uleule. Mama yake Emérance alikuwa na pipa la chuma, mrija wa shaba, na hori la maji ya mto la kupoozea mvuke. Mwanamke yule, Kasoki jina lake, alipika kanyanga, pombe kali ya ndizi, nyuma ya nyumba kwa miaka kumi na tisa, na kwa kanyanga hiyo watoto wanne walisoma. Polisi walimtobolea pipa mara tatu. Mara ya tatu walimfunga mwezi mzima, na mapadri wakamnyima meza ya Bwana mwaka mzima. Alitoka, akanunua pipa la nne. Emérance ndiye aliyekaa naye pale kwenye mrija, tangu akiwa na miaka tisa mpaka alipoolewa.

Kwa hiyo hakuhitaji Vanessa amweleze, ingawa Vanessa alieleza vizuri. Pombe haitoki sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Inayotangulia ni kali na ina sumu, nayo huitwa kichwa, hiyo humwagwa. Inayofuata ni moyo, ndiyo inayonywewa. Inayomalizia ni mkia, inanuka kama tambara lililolowa, na hiyo nayo huondolewa. Kazi yote ya mpishi iko katika kujua kichwa kimekwisha lini na moyo umeanza lini. Akahamisha mrija mapema, ameharibu tangi zima.

Mpishi wa La Patience alisimama kando ya mrija, mzee wa miaka sabini hivi, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Vanessa alimtambulisha kwa fahari: Mzee Aimé, mkuu wa mtambo kwa miaka thelathini na nane, mwenye pua bora katika bahari nzima. Wageni wakapiga makofi kidogo. Mzee akainamisha kichwa. Akakinga glasi chini ya mrija, akaipeleka puani, akafumba macho kama mtu anayesikiliza muziki. Kisha akatazama saa ya ukutani, akahamisha mrija kutoka tangi dogo la kumwagwa hadi tangi kubwa la shaba.

Emérance aliitazama saa pia. Kisha akautazama uso wa mzee.

Mtu anayenusa kichwa cha pombe hawezi kuuzuia uso wake. Pua hukunjamana, macho hulengwa na machozi. Mama yake alipika miaka kumi na tisa na alikunja uso kila siku. Uso wa Mzee Aimé ulikuwa umetulia kama maji ya ndoo. Alikuwa amenusa utupu. Emérance aliujua utupu ule. Aliuishi miezi mitatu, asubuhi na jioni, juu ya vikopo vinne bafuni kwake.

Akaelewa na yaliyobaki. Mzee alikuwa anapika kwa saa. Kila siku moto uleule, kipimo kilekile, dakika zilezile, na saa ilimtosha. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha, makapi ya miwa yalikuwa yamelowa, na moto wa leo ulikuwa mvivu. Saa ilisema moyo umeanza. Mtambo ulikuwa bado kwenye kichwa.

Vanessa akakinga jagi kwenye tangi kubwa, akawaambia wageni wamfuate ghala la mapipa, ambako wangeonja ramu ya leo, bado ina joto, kisha ya miaka mitano, kisha ya miaka kumi na miwili.

"Usinywe ile ya kwenye jagi," Emérance akamwambia Falone. "Na umwambie Vanessa asiimimine kwanza. Mwambie kwamba mama yako anazungumza na mzee."

Falone alimtazama kama mtu aliyeona mama yake anapanda baiskeli. Akauliza kwa nini.

"Kwa sababu si nzuri. Nenda."

*

Angeweza kusema mbele ya watu. Alikuwa na haki, na alikuwa na uhakika. Hakuitilia shaka pua yake hata chembe, kwa kuwa aliifundisha upya mwenyewe, harufu moja moja. Lakini alikuwa amewatunza wazee kiasi cha kujua kwamba mzee ukimvua nguo mbele ya wageni hatakusikia tena. Akangoja mlango ufungwe. Akamwamkia kwa Kifaransa cha heshima, kile masista walichomfundisha, akamwuliza kama anaweza kusogea karibu na mrija.

Mzee akamruhusu kwa upole, kama anavyoruhusiwa mgeni.

Emérance akakinga matone kiganjani, akasugua viganja, akavinusa, akakunja uso. Akasema, "Mzee wangu, pua yako iliondoka lini?"

Uso wa Mzee Aimé ukafunga. Alimwambia kwamba wageni ghalani wanamsubiri. Alimwambia kwamba amesimama pale tangu kabla mama huyu hajajua kuvaa viatu, na kwamba pua yake inajulikana hadi Paris. Hakupandisha sauti. Emérance alimwambia tu kwamba yeye ni mtunza wazee kutoka Sydney, kwamba pua yake mwenyewe iliondoka mwezi wa kwanza na kurudi wa nne, na kwamba kinachotoka kwenye mrija ule sasa hivi kinanuka kama chupa ya kufutia rangi ya kucha. Kisha akanyoosha viganja vyake viwili mbele ya mzee, kama mtu anayetoa maji ya kunywa.

"Niambie unanusa nini."

Mzee akainama. Akanusa. Akakaa pale kwa muda, pua yake ndani ya viganja vya mwanamke asiyemjua, na alipoinuka mkono wake ulikuwa umeshaenda kwenye mrija. Akaurudisha kwenye tangi dogo.

"Mwezi wa tatu," akasema.

Alikaa juu ya sanduku. Maneno yakatoka taratibu, kisha yakatoka yote. Aliugua siku kumi, hakulazwa. Alirudi kazini akakuta dunia haina harufu, na hakumwambia mtu. Msaidizi wake alikuwa ameondoka wakati wa kufungwa mipaka, akaenda kwenye machimbo ya nikeli na hakurudi. Mwenye shamba alikuwa mtu mwema, lakini mtu mwema naye hawezi kumweka kwenye mtambo mpishi asiye na pua. Kila asubuhi alijiambia leo itarudi. Nyumbani alikula asichokionja na kumsifu mkewe. Emérance alisikiliza bila kumkatiza, kwa sababu yeye naye aliwahi kumsifu Bahizire kwa samaki aliyekuwa hana ladha yoyote.

Hata hivyo hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akamwambia kwamba siri yake ni yake na hataipeleka kwa mwenye shamba. Lakini kilichomo kwenye jagi si siri tena, kinakwenda kwenye vinywa vya watu, na wale watu walikuja wakimwamini yeye. Kule kwao alimjua mwanaume aliyepofuka kwa kanyanga ya mpishi mmoja mwenye haraka. Yeye mzee ndiye wa kwenda kulisema, si mgeni.

Mzee Aimé akasimama, akalivuta shati lake likae sawa, akaenda.

Emérance alimfuata mpaka mlangoni pa ghala. Wageni walikuwa wameshika glasi tupu, Falone amesimama mbele ya jagi kama askari, Vanessa hajui acheke au akasirike. Mzee alizungumza maneno machache, Vanessa akiyatafsiri. Alisema ramu ya leo imeharibika, na kosa ni lake. Pua yake iliugua korona na bado haijapona, naye alinyamaza wakati hakupaswa kunyamaza. Akalichukua jagi, akatoka nalo nje, akalimwaga kwenye mchanga. Kisha bibi mmoja mnene kutoka kundi lile akasema hata yeye ya kwake ilichukua nusu mwaka, na mumewe akasema tangu augue kahawa inamnukia mpira uliochomwa, na watu wakaanza kuhadithiana hapo hapo kati ya mapipa, kila mmoja na yake.

Basi lilipaswa kuondoka saa nane. Liliondoka saa kumi. Mzee alimwomba Emérance arudi mtamboni, na safari hii hakumwomba kama mgeni. Tangi kubwa lilimwagwa lote. Moto ukachochewa, na walipokuwa wakisubiri, Emérance alimfundisha alichokifanya mama yake majira ya mvua, mafua yalipomziba pua kwa wiki nzima na kazi haikuweza kusimama. Kusugua tone kiganjani: kichwa hukauka upesi na kuacha baridi, moyo hukawia na kuacha joto. Kutikisa kwenye chupa ndogo na kuangalia mapovu, ukubwa wake na muda yanaokaa. Kugusisha ncha ya ulimi tu na kutema. Mzee aliyajua nusu ya hayo kwa babu yake na alikuwa ameyasahau, maana mwenye pua kama ile hakuyahitaji. Vanessa alisimama nyuma yao akiandika kwenye karatasi ya ratiba. Moyo ulipoanza, Emérance na mzee walisema "sasa" kwa wakati mmoja. Yeye kwa pua, mzee kwa kiganja.

Falone aliyaona yote kutoka juu ya lile sanduku. Kwenye basi, miwa ilipoisha, akasema, na alisema kwa Kiswahili, cha kujikwaa:

"Mama, uliniambia Koko alikuwa anauza mawese."

Koko ndivyo alivyomwita bibi yake, ambaye alimjua kwa picha moja tu.

"Aliuza mawese pia."

"Kwa nini hukusema?"

Emérance alifikiri. Alikuwa na majibu aliyoyazoea: kanisa, wenzake wa maombi, mtoto wa mkimbizi ambaye tayari ana mengi ya kueleza shuleni. Yote yalikuwa kweli, na yote yalionekana madogo kwake. "Niliona haya," akasema. "Leo nimetazama, siioni ilipo."

Akamhadithia mpaka hotelini. Falone aliuliza maswali kama mtu wa bima, tarehe na vipimo, na aliposikia habari ya pipa la nne alicheka mpaka dereva akageuka.

*

Jumapili ya pili baada ya kurudi, Emérance aliomba nafasi ya ushuhuda. Kanisa lao lilikodi ukumbi nyuma ya maghala ya Seven Hills, Wakongo na Warundi kwa wingi, Wakenya wachache, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Bahizire alikuwa ameambiwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Naye akasema kwamba mama mkwe wake alimpa kikombe cha kitu siku ya posa, akaambiwa ni dawa ya kifua, na tangu siku hiyo alishuku.

Emérance alisimama mbele akasema Mungu amemrudishia pua, na watu wakasema amina. Akasema sasa anataka kumtaja aliyemfundisha kuitumia. Akamtaja Kasoki wa Butembo kwa jina lake lote, pipa, mrija na hori. Alisema yeye mwenyewe hanywi na hatakunywa. Lakini shule ya masista ililipwa na kanyanga, Kifaransa alichokwenda nacho safarini kilitoka kwenye kanyanga, na hatasimama tena mbele za Mungu akisema mama yake aliuza mawese tu. Hakulia wala hakuomba radhi. Mchungaji alikohoa, akashukuru kwa ushuhuda, akatangaza wimbo haraka kidogo. Mama mmoja wa safu ya mbele alimkazia macho mpaka ibada ikaisha, na baadaye alipita bila kumpa mkono. Emérance aliliona hilo, likamchoma kidogo, akaliacha lipite.

Simu yake ilikuwa na ujumbe wa sauti kutoka La Patience, wa asubuhi ile. Mzee Aimé alikuwa amekwenda kwa mwenye shamba mwenyewe. Hakufukuzwa. Walikubaliana akae mtamboni kama mwalimu, na Vanessa, aliyekariri historia ya mtambo miaka minne bila kuugusa, ndiye aliyeomba kufundishwa. Kwenye ujumbe alisikika nyuma yake akihesabu mapovu kwa sauti. Pua ya mzee ilikuwa bado. Siku mbili zilizopita tu alihisi kitu juu ya kahawa ya mkewe, kitu kibaya kama matairi, na alisema hajawahi kufurahia harufu mbaya namna ile.

Emérance alikuwa anausikiliza kwa mara ya pili kwenye maegesho ya magari Wilkister alipomjia. Wilkister alikuwa nesi wa hospitali huko Westmead, Mkenya wa Kisumu, mwanamke wa sare iliyonyooka na maneno machache, ambaye kwa miaka mitano alikuwa amesalimiana naye tu. Alitazama kushoto na kulia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nyanya yake alipika chang'aa.

"Ya nini?" Emérance akauliza.

"Ya sukari nguru. Na ilikuwa kali, dada. Chuo changu cha unesi, mwaka wa kwanza wote, ni hiyo."

"Kichwa alikuwa anakijuaje?"

Wilkister akaweka mkoba wake juu ya boneti ya gari, akakunja mkono wa gauni, akaanza kuonyesha. Bahizire alipiga honi mara moja, akaona hakuna anayegeuka, akazima injini.